Kukhu na Wafu wa Nairobi

Wiki iliyopita nilikuwa Kakamega kwa binti yangu. Alikuwa jikoni akikatakata sukuma wiki simu yake ilipolia. Ilikuwa shule ya mjukuu wangu, ikiuliza kama mtoto ataruhusiwa kwenda Nairobi na wenzake kutembelea jumba la makumbusho la taifa. "Sawa, aende," alisema binti yangu, akaitumbukiza simu mfukoni na kuendelea kukata. Nikajikuta nimeweka kikombe cha chai chini. Wewe uliyekulia kwetu miaka ile ya Uhuru utanielewa. Safari kama hiyo nusura ivunje kijiji chetu.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa mama, karibu na ukingo wa msitu, mahali ambapo mvua ilinyesha karibu kila alasiri na mbega walituamsha kabla ya jogoo. Tulimwita Kukhu, kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Kukhu alikuwa amezika watoto wengine kabla yake, akabaki na mimi peke yangu. Hata nikienda mtoni alinisindikiza kwa macho mpaka nipotelee migombani.

Bendera mpya ya Uhuru pale shuleni ilikuwa haijapauka Mwalimu alipotutangazia safari. Alikuwa kijana, Mwislamu kutoka Mumias, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za tope. Nchi sasa ni yetu, alisema, na vyote vinavyotunzwa kule Nairobi ni vyetu. Tungepanda lori la mahindi la Mhindi mwenye duka mpaka Kisumu, halafu treni. Tulipiga makofi. Kisha kwa furaha yake akatuambia tutakayoyaona: ndege waliokaushwa, ngoma, mikuki, na mafuvu ya watu wa kale sana, yaliyowekwa ndani ya kioo.

Tulipofika nyumbani na habari hiyo, mambo yakaharibika. Kwetu maiti haiachwi hivi hivi. Huliliwa, huzikwa, na waliobaki wakanyolewa nywele. Watu walisema mtoto akiona mifupa ya mtu ambaye hakuliliwa, kifo humfuata mpaka mlangoni. Jirani yetu, mama wa rafiki yangu, alimtoa binti yake shuleni kabisa. Mwalimu mkuu akaonya kwamba wazazi wasipokubali kufikia Ijumaa safari imekufa, na Mwalimu atakwenda mwenyewe kuwaeleza wakubwa wa elimu kwa nini amewachokoza wananchi. Tulijua maana yake: angefukuzwa kazi. Na kila mtu alijua kwamba wanawake wa kijiji walikuwa wakimtazama Kukhu, kwa kuwa ndiye aliyewazalisha wengi wao.

Mwalimu alikuja kwetu Alhamisi jioni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kukhu alimpa kisu na kuku. "Chinja mwenyewe kwa dini yako," alimwambia, "ili ule bila wasiwasi."

Nilisonga obusuma, ugali wa kwetu. Nilitaka safari ile kuliko kitu chochote, na nilijua Kukhu akikataa hakuna wa kumgeuza. Tulikula kuku yule, maji yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Mchuzi ulinukia moshi na kitunguu, lakini mimi sikusikia ladha yoyote.

Baada ya kunawa, Kukhu akauliza, "Hao watu wa kwenye kioo walikuwa wa ukoo gani?"

"Hakuna anayejua, mama. Ni wa zamani mno."

"Walililiwa?"

Mwalimu akajifuta mikono. Nilimwomba moyoni aseme ndiyo. Nani angejua?

"Nadhani hapana, mama," alisema hatimaye. "Mimi mwenyewe niliogopa siku ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikawasomea dua, ndipo nikaingia."

Kukhu akainuka kumfungulia mlango. "Nenda ukapumzike, mwanangu. Nimekusikia."

Hilo halikuwa jibu, na Mwalimu alilijua. Aliondoka ameinamisha kichwa.

Asubuhi nilikuwa nikifagia niliposikia ukemi. Kukhu alikuwa amesimama katikati ya ua, leso kaifunga kiunoni, mikono kichwani, analia kama mtu aliyefiwa. "Uwi! Watu wetu! Mmelala ugenini bila wa kuwalilia!" Wanawake walikuja mbio kutoka mashambani na majembe yao, wakidhani nimekufa mimi. Jirani yetu alimshika mabega.

"Kukhu, ni nani amekufa?"

"Wale wa Nairobi," alijibu, machozi yakimtiririka. "Si mnasema hawajaliliwa? Basi nawalilia. Mtanisaidia, au mtasimama tu?"

Walitazamana. Nilidhani watacheka. Kisha bibi mmoja mzee akatupa jembe chini akaanza kuitikia, mwingine akafuata, na wa mwisho kabisa akawa jirani yetu. Walilia mpaka jua likapanda juu ya msitu. Nafikiri wengi waliwalilia wa kwao. Kukhu alitaja jina la mama yangu, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake hata siku moja. Kabla ya kengele ya mwisho siku ile, safari ilikuwa imeruhusiwa, na rafiki yangu amerudishwa shuleni.

Lakini siku moja kabla ya kuondoka, nikipukuchua mahindi juani, baridi kali ikaniingia mwilini. Kufikia jioni nilikuwa naweweseka. Dresa wa zahanati alinipiga sindano, akasema ni malaria. Kijiji kilisema lingine: mjukuu wa Kukhu ameshikwa, na hata hajafika huko.

Yaliyotokea asubuhi nilisimuliwa na rafiki yangu. Lori lilisimama barabarani likinguruma, na hakuna mtoto aliyepanda. Mama zao waliwashika mikono. Mwalimu alibaki kando ya lori. Ndipo Kukhu akatokea, miguu mitupu, macho mekundu kwa kukesha.

"Huyu mtoto anashikwanga na malaria kila mvua zikianza," aliwaambia. "Mwaka jana pia alishikwa, na hakukuwa na mambo ya Nairobi. Mnaogopa nini?"

"Na akifa?" jirani yetu aliuliza.

Kukhu alimsogelea. "Akifa, nitamlilia. Lakini sitasema ni wale waliomuua. Pandisheni watoto."

Akamchukua rafiki yangu mwenyewe, akamwinua mpaka ndani ya lori. Jirani yetu hakumzuia. Nikiwa chini ya blanketi nililisikia lori likibadilisha gia mlimani, nikalia kwa uchungu wa kuachwa.

Homa iliponitoka, Kukhu hakutulia. Alininywesha uji na kunilisha murere, mboga yetu ya mlenda iliyo chungu kidogo, huku sikio lake likiwa barabarani. Akisikia mtu anapiga kelele mbali, mwiko ulisimama ndani ya chungu. Sasa alikuwa na watoto wa kijiji kizima shingoni.

Siku waliyorudi nilikuwa nimepata nguvu ya kutembea. Mama zao walipapasa vichwa, mikono, migongo, kana kwamba wanatafuta kitu kilichovunjika. Watoto walikuwa wakisimulia wote kwa pamoja: treni, taa, vipepeo wakubwa kama kiganja. Kukhu alisimama pale mpaka mtoto wa mwisho akachukuliwa na mama yake. Tuliporudi nyumbani alitandika mkeka uani akalala usingizi mzito. Sikuwa nimewahi kumwona akilala mchana. Nilikaa kando nikiwafukuza kuku wasimkanyage.

Kukhu ameshakwenda, na Mwalimu pia. Msitu umerudi nyuma, na pale palipokuwa na ua wetu pamejengwa vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Siku hizi watoto huenda Nairobi na kurudi bila mtu kupoteza usingizi, na mimi sitamani hofu ile irudi. Ninachokosa ni ile asubuhi. Nimeishi mahali pengi tangu hapo, na sijaona tena mtu akisimama uani kumlilia mgeni asiyemjua jina, majirani wakatupa majembe wakaja kumsaidia.