Folda kwa Ruhusa ya Mkuu

Mwishoni mwa miaka ya tisini mradi wetu wa mpunga pale Ifakara ulipata imeili, na mkuu wetu akapata kitu kipya cha kuringia. Kompyuta ilipiga simu Dar es Salaam asubuhi na jioni, ikavuta ujumbe na kuutia kwenye folda ya mhusika. Asiye na folda, ujumbe wake ulirudishwa ulikotoka na maelezo kwamba mtu huyo hayupo.

Kuitunza mashine ilikuwa kazi yangu. Kuamua nani yupo na nani hayupo, mkuu alijitwalia mwenyewe. Folda haikufunguliwa bila ruhusa yake, na ukienda kuiomba ulilazimika kumwamkia mara mbili, maana mara ya kwanza alijifanya anasoma. Sijawahi kuona mtu mwingine akijivunia namna ile kitu asichojua hata kukiwasha.

Bibi shamba wetu wa Mngeta aliomba nafasi ya kusomea mbegu ng'ambo. Kutuma hakukuhitaji folda, kwa hiyo maombi yake niliyatuma mimi.

"Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka," aliniambia. "Ni hii au basi tena."

Nikaenda kumwombea folda ya kupokelea jibu.

"Kwanza tuone kama kweli wanamwandikia," mkuu akasema. "Jibu likija, nitamfungulia."

Jibu lingeingia wapi, hakujiuliza. Nikapendekeza mashine ifungue folda yenyewe kila inapokosekana. Alifikiri siku nzima, kisha akaja na utaratibu wake: kabla ya kila ujumbe, mashine ikague folda za wafanyakazi wote, wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamfanyia hivyo mbele ya macho yake. Kompyuta ile kuukuu ilihangaika na majina hadi simu ikakatika, na ujumbe wake mwenyewe haukuingia. Basi akapiga marufuku mpango mzima, kana kwamba ujinga ule ulikuwa wangu.

Nilimweleza kwamba mama anayepakua ubwabwa hahesabu sahani zote za nyumba kila mgeni anapoingia. Anapakua, sahani ikikosekana, ndipo anaagiza nyingine. Mashine nayo itie ujumbe moja kwa moja, na ikishindwa kwa kukosa folda, ndipo iifungue na kutia tena.

"Hii ni ofisi," alisema, "si shughuli ya msibani."

Alipokwenda semina Morogoro, niliiandikia mashine mistari michache ya kufanya hivyo hivyo. Jioni ile laini ilitulia, ujumbe ukaingia wote, na folda ya bibi shamba ikajifungua. Alikuwa amenituma niwaulize wale watu wa masomo mbona kimya, na sasa walikuwa wamemjibu.

Alipofika ofisini alisoma amesimama, kisha akaniomba nimsomee, akidhani Kiingereza kimempotosha. Hakikumpotosha. Walikuwa wamempa nafasi, wakamwandikia mara mbili, na mara zote mbili wakaambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nafasi walishampa mwingine. Alikaa kwenye kiti changu akalia, nami nilimchukia mkuu kwa moyo wangu wote.

Mkuu aliporudi, tulimwonyesha. Alikohoa, akavuta suruali juu.

"Pole, lakini angalau folda sasa unayo," alimwambia.

Bibi shamba alinigeukia mimi.

"Ifute," akasema.