Kipimo Kilichosoma Sifuri

Mume wangu alipofariki sikulia. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kariakoo, na matanga yakawekwa hapo hapo uani. Kwa desturi yetu, kila mwombolezaji akiingia mfiwa huangua kilio naye. Mimi nilikuwa nainuka, nampa mkono, namwambia karibu, nakaa. Naona vikombe vya chai, naona kanga za watu, basi. Wanawake wakaanza kutazamana.

Siku ya kuanua tanga, mama mkwe, aliyekuja kwa basi kutoka Songea, aliniita chumbani mbele ya shemeji yangu. Binti yangu mdogo alikuwa amenilalia mapajani.

"Mwanangu ulikuwa unampenda?"

"Nilimpenda, mama."

"Mbona jicho kavu?"

Ningenyamaza tu. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wa walimu ni kueleza. Kabla ya msiba nilikuwa nawafundisha kidato cha nne habari za chombo cha angani kilichopita jirani na sayari ya Mshtarii. Nikamweleza mama mkwe kwamba kule kuna chembe ndogo mno zenye umeme, zinakwenda kasi ya ajabu, na chombo kilibeba vipimo vya kuzihesabu. Zikiwa chache, kipimo kinahesabu vizuri. Zikimiminika kupita kiasi kinazidiwa, kinasoma kidogo tu, pengine sifuri. Ukikitazama utadhani hakuna kitu.

"Mama, ndivyo nilivyo."

Shemeji akakohoa. Hata mimi nilijiona mpuuzi, kuleta mambo ya sayari matangani.

Mama mkwe hakukasirika. Alimchukua mtoto mapajani mwangu polepole, asimwamshe.

"Basi, mwalimu, huyu akae kwangu mpaka hicho kipimo chako kipone."

Sikubisha. Nilikunja vigauni vyake, nikawasindikiza stendi, nikarudi kwa miguu nikipita sokoni. Sikuhisi kitu.

Wiki iliyofuata unga uliingia duka la ushirika, nikapanga foleni. Walikuwa wanagawa kwa kadiri ya watu wa kila nyumba. Zamu yangu ilipofika, muuzaji hakuinua hata uso.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu," nikasema kwa mazoea.

Jirani yangu, tuliyekesha naye matanga yote, alikuwa nyuma yangu. Akanigusa bega.

"Dada, mwambie kweli. Uko peke yako."

Nikalia pale pale, mfuko mkononi, na foleni nzima ikinisubiri.