Mwalimu Evaristo wa Bweni na Mnazi Aliouua kwa Heshima ya Bwana

Huko Kamachumu, mkoani Kagera, ambako mtu asiye na mgomba huhesabiwa kuwa mpita njia hata kama kitovu chake kimezikwa hapo, ndiko alikozaliwa Evaristo Kamugisha, tarehe 26 Oktoba 1961. Siku hiyo Kanisa humkumbuka papa mmoja wa kale aliyeitwa Evaristo, na baba yake, mtu asiyependa kupoteza muda kutafuta majina, alichukua hilo lililokuwa karibu. Hakuna nyota iliyoonekana. Mama yake alishuhudia kwamba mtoto alilia kama watoto wengine, ila kwa muda mrefu zaidi. Utoto wake ulipita kwenye migomba: alipogolea, alibeba mikungu, na alijifunza mapema lile jambo ambalo kila mtoto wa huko hulijua kabla ya kujua sala ya Baba Yetu, kwamba mgomba ukikatwa haufi, kwa kuwa chini yake mtoto wake yuko tayari anachipua. Elimu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuja kumletea msiba mkubwa kuliko yote ya maisha yake.

Alijaribu seminari kwa miaka miwili, Kilatini kikamshinda, akarudi nyumbani bila kinyongo na bila Kilatini. Akawa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1988 alimwoa Apolonia, muuguzi, mwanamke mwenye ulimi mfupi na mkali, ambaye Mungu alimweka karibu na mtumishi wake ili asije akajiona mtakatifu kabla ya wakati. Januari 2009 wote wawili walihamishiwa kisiwani Mafia, naye Evaristo akapangiwa shule ya Bweni, ncha ya kaskazini, kule kwenye mnara wa taa. Barabara ya kufika huko ni ya namna yake: abiria hufika akiwa amesali rozari nzima bila kukusudia.

Wakatoliki wa Bweni walikuwa kumi na mmoja, wote watu wa bara, walimu na wauguzi na familia zao. Kijiji kizima kilichobaki kilikuwa cha Waislamu, waungwana waliowaazima viti siku za sikukuu. Ibada ilifanyika katika darasa la nne. Padre Deusdedit alitoka Kilindoni kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu, na Jumapili zilizobaki kigango kilihitaji mtu wa kusoma masomo na kutoa tafakari. Wito wa Evaristo haukuja kwa sauti kutoka mbinguni. Padre alitazama kundi lile, akauliza nani ana miwani ya kusomea, na mkono mmoja ukainuka. Kwa miaka minne alitoa tafakari nzuri, ndefu, zenye vipengele vitatu na mahitimisho mawili. Hasa alipenda kuhubiri juu ya msamaha. Alisema msamaha ni rahisi kama kutoa kamasi: mtu huamua tu. Waamini walipiga makofi. Apolonia hakupiga.

Ndipo ikaja Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi 2013. Miaka iliyotangulia waamini walikuwa wamebeba matawi ya hovyohovyo, na mwaka huo mwalimu alitaka kigango chake king'ae. Mpakani mwa uwanja wa shule kulikuwa na mnazi mfupi, wa aina ile wanayoiita kitamli, ambao hauhitaji mkwezi. Ulisimama upande wa shule, kwa hiyo aliuhesabu kuwa wa shule; hakujua kwamba kisiwani humo ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Jumamosi asubuhi aliegemeza ngazi, akapanda na panga, akaona katikati kabisa ya mnazi makuti machanga, meupe kama nta, yaliyokunjamana bado. Alifurahi moyoni. Akayakata yote hadi kwenye kile kiini laini, akashuka akiimba. Kesho yake kigango cha Bweni kiliandamana kuzunguka shule kikiwa na matawi meupe, na Padre Deusdedit, ambaye naye ni mtu wa bara, alisema hajaona matawi mazuri namna ile tangu apate upadrisho.

Kila mtoto wa Mafia anajua kwamba mnazi una moyo mmoja, na moyo huo uko juu, pale yanapotokea makuti meupe. Ukiukata, mti mzima hufa, polepole, ukiwa umesimama. Hakuna anayechipua chini.

Makuti ya pembeni yalibaki mabichi kwa wiki kadhaa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mwezi wa tano yalianza kuanguka. Mwenye mnazi, Bi Mwanahalima binti Shamte, mjane wa makamo aliyekuwa amekwenda Temeke kumuuguza dada yake, alirudi akaukuta umeinamisha kichwa. Alimwita Mansuri, mkwezi wa kijiji. Mansuri alitazama kutoka chini, mikono kiunoni, akatoa hukumu mbele ya watu wote waliokusanyika, mwalimu akiwemo.

“Chonga huyo,” alisema. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa minazi. “Kaula moyo wote, mlafi mkubwa!”

“Chonga mwenye panga?” aliuliza mzee mmoja, na watu wakacheka.

Mwalimu Evaristo alicheka pamoja nao. Wanaoandika maisha ya watakatifu hupenda kuruka mahali kama hapa, lakini ukweli ni huo: alicheka, akaenda kusahihisha madaftari. Jioni Apolonia, aliyekuwa ameelezwa yote na wagonjwa wake zahanati, alimpakulia chakula na kumwambia, “Ulipanda ngazi kwa ajili ya Bwana, ukashuka umemkosea jirani. Mdudu wa watu wala hajui kinachoendelea.”

Padre alipokuja, Evaristo aliungama. Malipizi aliyopewa yalikuwa Salamu Maria tatu na kwenda kumwambia mwenye mnazi. Inasemekana, na yeye mwenyewe alilithibitisha baadaye, kwamba aliomba kubadilishiwa: “Baba, ongeza hizo Salamu Maria ziwe mia tatu, hilo la pili uliondoe.” Padre alikataa.

Alikwenda siku ya Alhamisi baada ya vipindi. Alipobisha hodi na kukaribishwa, alimwamkia Bi Mwanahalima shikamoo, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri. Hatia humpunguzia mtu miaka.

“Marahaba,” alijibu Bi Mwanahalima akiendelea kuchambua mchele. “Leo umekuwa mdogo wangu, mwalimu? Una jambo.”

“Nimekuja kwa ajili ya mnazi.”

“Chonga kaula.”

“Si chonga, Bi Mwanahalima. Ni mimi.”

Mkono ulisimama juu ya ungo. “Kwenu mnazi ni mgomba?”

“Ndiyo. Nilidhani utachipua.”

Bi Mwanahalima aliweka ungo chini. Kisha akamweleza, bila kupaza sauti, kwamba chini ya mnazi ule kilizikwa kitovu cha mwanawe wa pekee, Taufiki, kama wazazi wengi wa pale wanavyofanya ili mtoto na mti wakue pamoja. Taufiki alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Mti uliendelea kukua. Tangu hapo, kila alipotaka kujua mwanawe angekuwa mkubwa kiasi gani, alitoka nje akautazama.

Mwalimu alianza kusema habari ya fidia. Aliinuliwa kiganja, akanyamaza. Akasema basi amsamehe. Na Bi Mwanahalima akatamka maneno ambayo kigango cha Bweni hakitayasahau:

“Siku ikifika nitakwambia. Leo haijafika.”

Hapo ndipo majaribu yake yalipoanza. Jumapili iliyofuata alikuwa ameandaa tafakari ya msamaha, kurasa saba. Alisoma Injili, akafungua karatasi zake, akazitazama, akazikunja na kuketi. Waamini walingoja wakidhani anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa. Tangu siku hiyo aliendelea kuhubiri juu ya mambo yote, juu ya mkate, juu ya mbegu, juu ya ndoa, hata juu ya kodi. Lakini kila ilipofika Injili ya msamaha, ya mwana mpotevu au ya Petro anayetaka kujua ni mara ngapi, aliisoma hadi mwisho, akaketi. Padre alipomhoji alijibu, “Baba, sijapewa bado. Nitagawaje kisichokuwamo mfukoni?”

Alipanda miche kando ya kisiki cha mnazi uliokufa. Mche wa kwanza uliliwa na mbuzi, wa pili pia, na wa tatu, kwa kuwa mbuzi wa Bweni wana imani thabiti na hawakati tamaa. Wa nne aliuzungushia miiba. Kila asubuhi kabla ya kengele alibeba ndoo mbili kutoka kisimani, akamwagilia, akapita mbele ya baraza la Bi Mwanahalima na kusema, “Umeamkaje?” Naye aliitikia, “Salama, mwalimu,” na zaidi ya hapo hakuongeza. Mtu asidhani mwanamke huyo alikuwa na roho ngumu. Apolonia alipougua mgongo, yeye ndiye aliyemfulia. Kila Idd alipeleka bakuli la bokoboko nyumbani kwa mwalimu, na mwalimu, kabla ya kula, alimuuliza mtoto aliyelileta kama kuna ujumbe wowote. Mtoto alijibu, “Kasema mrudishe bakuli.”

Mwaka 2016 uliletwa uhamisho. Kagera, shule ya jirani kabisa na kwao. Barua aliyoiomba kwa miaka sita na kuiombea novena mbili. Apolonia alishaanza kufunga vyombo.

“Siwezi kwenda,” alisema Evaristo.

“Mnazi tutamwachia Mansuri aumwagilie.”

“Mnazi nitamwachia. Neno nitamwachia nani? Likitoka siku nisiyokuwepo, litaangukia wapi?”

Apolonia alikalia sanduku, akafikiri. “Miaka ishirini na nane nimekaa na wewe,” alisema mwishowe, “na hili ndilo jambo la kwanza la akili ulilowahi kusema. Nifungulie hizi kamba.” Huu ndio muujiza wa kwanza unaokubaliwa na wote, maana waliomfahamu Apolonia wanajua kwamba hakuwahi kumsifu mtu.

Tarehe 14 Aprili 2019, Jumapili ya Matawi, waamini walikuwa wamekusanyika nje ya darasa la nne na matawi ya mlimau, ambayo mwalimu alikuwa ameyachagua tangu ule mwaka wa aibu. Bi Mwanahalima alikuja akivuka uwanja. Nyuma yake Mansuri aliburuta makuti manne marefu, ya kijani kibichi. Mnazi mpya, uliokuwa umeanza kuzaa mwaka uliotangulia, ulionekana nyuma yao, umepungua kidogo chini, kileleni mzima.

“Mwalimu,” alisema Bi Mwanahalima mbele ya wote, “ya chini ndiyo hukatwa. Shika.”

Mwalimu alishika. Alipogeuka nayo, kuti moja likawapiga watu wawili usoni.

“Mti huu si Taufiki,” aliendelea. “Taufiki hakuna mti wake tena. Nilikuwa nangoja nikutazame nisikuone na panga. Jana umepita na ndoo zako, nimekuona umezeeka tu. Basi. Siku imefika.”

Mwalimu alitaka kupiga magoti. “Inuka bwana,” alisema Mansuri, “utachafua suruali, na ibada haijaanza!”

Walipoingia ndani, watu walijua kwamba sasa watasikia ile tafakari iliyozuiliwa miaka sita. Wengine walijiweka sawa vitini kwa safari ndefu. Mwalimu Evaristo alisimama, akafuta miwani, akasema: “Nilikuwa nawaambia ni rahisi. Niliwadanganya. Msamaha ni wa mwenyewe, anautoa anapoutoa. Kazi yako ni kwenda kubisha hodi, halafu usiondoke.” Akaketi. Kwa saa ya Apolonia ilikuwa chini ya dakika moja, na wapo wanaoutaja huo kuwa muujiza wa pili.

Alistaafu mwaka 2021, akabaki Bweni. Alifariki kwa amani tarehe 11 Agosti 2023, baada ya kunywa uji, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ukoo wake ulitaka azikwe kwenye migomba ya baba zake, na wajumbe wawili walisafiri siku tatu kuja kudai mwili. Walikuta kaburi limeshachimbwa na vijana wa Kiislamu wa kijiji, upande wa shule, na Bi Mwanahalima amekaa pembeni kwenye mkeka. Alipoambiwa madai yao aliwauliza tu kama wamekula. Walikula, wakazika, wakarudi. Habari nyingine zinasimuliwa, kama ya pikipiki ya Zubery, dereva wa bodaboda, ambayo huwaka ikitajiwa jina la marehemu. Lakini Zubery huitajia pia jina la baba yake, la mama yake na la fundi, kwa hiyo jambo hilo tunaliacha kwa wenye mamlaka. Mama Kanisa hajamtangaza Evaristo kuwa mtakatifu, wala bado hajaombwa.

Lakini ilipofika tarehe 17 Septemba mwaka huohuo, Jumapili ya ile Injili ya Petro, ni Apolonia aliyeshika kitabu. Padre alikuwepo, akamwachia atoe tafakari kwa heshima ya mumewe. Alisimulia kwa ufupi habari ya mlango wa Bi Mwanahalima, akaketi. Baada ya dakika mbili mwalimu mmoja kijana aliinuka, akatoka nje, akaonekana dirishani akielekea kwa jirani ambaye hakuwa amesemezana naye tangu Pasaka. Akafuata mke wa bwana afya. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kutazamana. Padre Deusdedit alibaki na viti na Apolonia, matoleo bado hayajaanza. Alitazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akavua kasula yake, akaikunja vizuri juu ya dawati, akaomba aelekezwe nyumbani kwa dereva ambaye yeye mwenyewe alimtukana asubuhi ile njiani.

Misa iliendelea saa nane mchana, wote walipokwisha kurudi. Nasi tunaosoma habari hizi tukiwa tumekaa, tunajua wenyewe ni mlango gani unaotungoja.