Upande wa Akina Baba

Nilikwenda Mbarara kusoma kuchapa picha, na mwalimu wangu akataka nimchapie hema. Hema lenyewe silikumbuki. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu Kusini, Kongo, miaka ya tisini ikielekea mwisho, mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nilipopata akili nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na kuta zake mama alizisiliba kwa mikono yake kila kiangazi. Mahema nimeyaona zaidi kwenye kalenda za wageni.

Kuchapa picha ni kazi ya watu wakaidi, ndiyo maana niliipenda. Unachukua kipande cha mpira wa kutandika sakafuni na kukichonga kwa patasi ndogo. Ulichokiondoa kinabaki cheupe, ulichokiacha kinashika wino. Ukikosea, hakuna kufuta. Kisha unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake na kuisugua mpaka picha ihamie kwenye karatasi. Chuo kilikuwa na mashine moja ya kuchapia, na wavulana walikuwa wameizingira kama nzi kwenye maziwa. Mimi nilisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao nilichokitoa jikoni kwa mama, kiganja kikawaka moto, lakini sikumwomba mtu nafasi.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kutundika picha moja ukutani, wageni waje kuitazama. Picha ambayo mwalimu ameikataa ukutani ilimwacha mwenyewe na alama za chini, pengine na mwaka wa kurudia. Nikachonga kwaya ya mama upande mmoja wa kanisa letu, imegeukia mlangoni. Niliwachonga wamevaa vitenge vya sare, vile ambavyo mwenzao mmoja alivifuata mpaka Kikagate, kwenye mpaka wa Tanzania, na nikachonga ua moja moja. Walisimama mabega nyuma, midomo wazi, wanaimba. Hakuna aliyelia.

Mwalimu wangu alikuwa mtoto wa askari, amekulia kambi ya jeshi ya Makenke, na alipotaka kunionea huruma alikiacha Kiingereza akaniletea Kiswahili cha kule.

"Hii kazi iko mzuri," alisema. "Lakini wageni watajua aje hawa ni wakimbizi?"

"Aba bamama si bakimbizi, mwalimu. Ni ba sauti ya pili."

Hakucheka. "Picha lazima iseme ukweli. Weka hema. Weka foleni ya maji. Sasa ukweli yako iko wapi hapa?"

Niliondoka pale damu inachemka. Foleni ya maji nimeipanga tangu nina kimo cha jerikeni. Siku nitakayotaka kuichonga nitaichonga, lakini si kwa kuagizwa kama chai ya hotelini.

Jumamosi nikaikunja picha, nikaitia ndani ya bomba la plastiki isishike vumbi, nikapanda lori kurudi nyumbani. Tangu kituo cha Masha nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba, maana nilitaka mtu mmoja tu aniambie sijakosea. Baba alikuwa shemasi wa kanisa letu. Aliitandaza picha mezani, akavaa miwani, akatabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka.

"Njo nini hii? Bamama banafanya nini ku upande ya baume?"

Kanisani kwetu, ukiingia mlangoni, wanawake hukaa kushoto na wanaume hukaa kulia. Ndivyo nilivyowaona tangu utoto, na ndivyo nilivyowachora kwenye mpira: kushoto. Nikasahau somo la wiki ya kwanza kabisa, kwamba picha ikichapwa hugeuka, kushoto ikawa kulia. Macho yangu yote yalikuwa kwenye maua ya kitenge. Mbarara hakuna aliyejua nani hukaa wapi, lakini baba aliona hata kabla hajaketi.

"Urudilie," alisema. "Batu batasema nini? Hii haiko kweli."

Huyo alikuwa mwanamume wa pili, ndani ya wiki moja, kuniambia picha yangu si ya kweli. Machozi ya hasira yalinijaa. Mpira uliochongwa haugeuziki. Kurudia kulimaanisha kuanza mpira mpya, na kama ni kuanza upya, si bora nichonge hilo hema nipate alama zangu yaishe?

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akafuta mikono, akaja, akaitazama picha. Kanisani dirisha la upande wa wanawake ni tundu tupu, na asubuhi jua lote huingilia pale.

"Umuache mutoto," alimwambia baba. "Myaka mingi tunaimba, jua inatupiga mu macho. Fasi yenu iko kivuli. Acha tukae kule, hata ku karatasi tu."

Baba akasema mambo ya viti ni ya wazee kuamua. Mama akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilirudi chuoni nikamwambia mwalimu sina hema. Akasema basi sina ukuta. Sawa, ukuta ulikuwa wake. Lakini mchapaji hanyimwi picha kwa kunyimwa ukuta, maana mpira ukiwepo picha haiishi. Nilichapa kwa kijiko cha mama mpaka wino ukaisha. Siku ya wageni nilifunga kamba ile tunayoanikia karatasi, kutoka nguzo ya lango mpaka mlango wa ukumbi, nikaianika kwaya yote kwa vibanio vya nguo. Mtu yeyote aliyetaka kwenda kuona mahema ambayo wenzangu walikubali kuyachonga ilimbidi kwanza ainame apite chini ya akina mama wa Nakivale. Mwalimu alinipa alama za kupita tu, akaniambia nina kichwa kigumu. Nikamshukuru, na ilikuwa shukrani ya kweli.

Likizo ilipofika nilimgawia kila mama wa kwaya picha yake. Walizibandika ukutani kwa uji wa unga, pale pale ambapo waume zao hukaa wakila. Kwetu pia mama alibandika ya kwake, mkabala na kiti cha baba.

Jumapili moja tulifika kanisani mapema, mimi na mama. Akina mama wakaingia wamevaa sare zao, mmoja baada ya mwingine, na bila mtu kumwambia mwenzake neno, wakapinda kulia. Wakaketi. Wakatengeneza vilemba.

Baba alifika na Biblia kwapani, akasimama mlangoni. Akawatazama, kisha akanitazama mimi. Safari hii hakuuliza wanafanya nini huko, maana jambo hilo alikuwa akilitazama kila jioni akila ugali. Akaenda kuketi kushoto, na wanaume wengine wakamfuata. Wimbo wa kwanza ulipoanza jua lilimpiga usoni. Akafungua kitabu cha nyimbo, akajikinga nacho macho, akaimba bila kusoma.

Wiki ile ile wazee walikutana, wakaamua dirisha la kushoto litiwe pazia. Kwaya haikurudi kushoto.