Mfinyanzi wa Endagikot Aliyekwenda Burma

Mama yangu hakuwahi kukanyaga dukani kwangu Katesh, na sababu yake ilijulikana kijiji kizima. Yeye alikuwa mfinyanzi wa mitungi kule Endagikot, na mimi nilikuwa nauza ndoo za plastiki. Biashara ilipoachiwa huria na bidhaa za nje zikajaa minadani, ndoo ziliiteremsha mitungi kutoka vichwani mwa kina mama, na mimi nikaona faida hiyo afadhali niile mimi kuliko mtu baki. Watu wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko Katesh," kana kwamba nimefungwa huko.

Manyara ilipokwisha kuwa mkoa, akaja mgeni aliyekuwa akizungukia vikundi vya ufundi. Alialika mfinyanzi mmoja aende Burma kuwaona wafinyanzi wenzake, pamoja na mtu wa kumtafsiria. Mzee jirani yetu aliposikia Burma alivua kofia. Baba yake alipelekwa huko kwenye vita vya Waingereza, na kwa habari alizokuwa nazo, vita hivyo bado vinaendelea. Mama, aliyechaguliwa kwenda na mimi nimtafsirie Kiingereza, hakutishika. Aliniambia tukifunga mizigo, "Nikikuta na huko wameacha udongo, na mimi naacha. Nitakuja kukaa kwako."

Nilitaka sana aje. Mgongo wake ulikuwa umechoka, na mimi nilichoka kugombana naye kuhusu mgongo huo. Kwa hiyo nilisafiri nikiiombea plastiki.

Tulifika katikati ya sikukuu yao ya mwaka mpya, ambapo watu humwagiana maji kuosha mabaya ya mwaka uliopita. Hakuna aliyetuonya. Kijana wa kwanza kukutana naye alimmwagia mama maji ndoo nzima. Mama alisimama, khanga imemganda mwilini, akamwuliza polepole kwa Kiswahili, "Kwanza umesalimia?" Kijana akainama kwa heshima zote, akammwagia tena. Mimi niliitazama ile ndoo. Ilikuwa ya plastiki, nyekundu, kama zangu kabisa. Nikaanza kupanga moyoni chumba atakacholala mama.

Asubuhi iliyofuata watawa wa Kibudha walipita kwa mstari, peku, kila mmoja na bakuli lake, watu wakiwatilia wali milangoni. Mama alikereka. Kwetu humpi mtu chakula mlangoni kama unayemfukuza, kwa hiyo aliwakaribisha ndani wakae wale vizuri, na nyumba yenyewe haikuwa yetu. Watawa walipita wakitazama chini. Mama akasema watu wazima wale hawakufundishwa kuitikia.

Mbele kidogo tukakuta kibanda kando ya barabara. Chini ya paa lake palikuwa na mitungi ya udongo, imefunikwa, na kikombe juu yake. Mwenyewe hayupo. Kwetu chombo kilichoachwa njiani hakiguswi: mtu ametoa balaa nyumbani kwake, na atakayekigusa ndiye atakayelibeba. Nikamshika mama mkono. Lakini ufinyanzi ulikuwa umemzidi nguvu. Aliangalia kushoto na kulia, akaukumbatia mtungi mmoja, akaupindua ili aone kitako, maana yeye mtungi huupima kwa kitako. Maji yote yakamwagika miguuni mwa bibi aliyekuwa anatoka kwenye nyumba ya jirani na ndoo mkononi.

Nilimwomba radhi kwa lugha zote mbili ninazozijua, na yeye hakujua hata moja. Mwenyeji wetu, aliyejua Kiingereza, akaja kutuokoa. Alieleza kwamba mitungi ile ni ya wapita njia, yeyote mwenye kiu anywe, na bibi yule huijaza kila siku kwa sababu ni thawabu katika dini yao.

"Si angeacha tu ndoo hapa?" nilidakia, mimi mwenye duka.

Bibi alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini. Alisema maji ya ndoo yanapata moto juani, na hajasikia mtu aliyepata thawabu kwa kuwapa watu maji ya moto. Mama alinitazama. Hapo ndipo nilipoumia. Mchana wajukuu wa bibi yule waliwaosha nywele wazee wote wawili, kwani ndivyo wanavyowaheshimu wazee mwaka mpya, na mama akakiri kwamba kumbe wanajua kusalimia.

Tuliporudi Endagikot alijenga kibanda kando ya barabara, akaweka mtungi wake mzuri kuliko yote na kikombe cha bati. Watu wakahamia upande wa pili wa barabara. Wanafunzi walipita pale mbio. Katekista aliitwa auombee, akauombea kutoka mbali. Mama alijaza maji asubuhi na jioni akayakuta vilevile. Mwishowe akaniambia labda atakuja Katesh baada ya mavuno. Nilikuwa nimeisubiri kauli hiyo miaka mingi, na nilipoisikia nilihuzunika.

Siku ya mnada nilikwenda kumsalimia. Jua lilikuwa kali, na majirani walikaa ng'ambo ya barabara wakiuchunga mtungi kwa macho. Hasira zikanipanda. Nikachota kikombe, nikanywa, nikachota tena. Maji yalikuwa baridi na yalinukia udongo. Majirani walingoja nianguke.

Mwanamume mmoja wa pande za Gehandu alikuwa anapita akiswaga ng'ombe. Hakuwa na habari za balaa letu. Aliona mtu anakunywa, naye ana kiu, akapokea kikombe, akanywa mpaka akashusha pumzi. Kisha akaupapasa mtungi tumboni.

"Shikamoo mama," alisema. "Mitungi hii inapatikana wapi?"

"Marahaba." Mama alijifuta mikono kwenye khanga, bila kunitazama. "Nenda Katesh. Binti yangu ana duka pale."

Dukani sikuwa na mtungi hata mmoja. Yule mwanamume alinigeukia, nami nikamwelekeza njia.