Mwanangu anataka nimkane bibi yangu wa Karema

Mhariri, jina langu lifiche, na la mwanangu pia, ingawa yeye hastahili. Umri wangu waliuandika mapadre kwenye kitabu chao. Mimi nakisia sabini na kitu. Ni mjane, naishi Mpanda, nalima mahindi na karanga kule Magamba. Shule sikuingia hata siku moja. Anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, na nimemwambia akinilainishia maneno nitajua, maana lazima anisomee tena.

Nina mtoto mmoja wa kiume, kasoma mpaka akapotea. Yuko Dar, ofisini, tumbo linafika mlangoni kabla yake. Likizo ya watoto iliyopita akanitumia nauli ya treni: nipitie Kaliua nikawakute Kigoma, tupande meli ya ziwani mpaka Kasanga halafu turudi nayo. "Ni matembezi tu, Mama." Matembezi! Watu wanapanda ile meli na magunia ya dagaa, yeye kapanda na kofia ya pama, kamera shingoni, na kaptura. Mtu mzima ana mvi, magoti nje kama anakwenda darasa la pili.

Nilikwenda kwa ajili ya wajukuu. Wa kike ana miaka sita, wa kiume minne, na nilikuwa sijawahi kuwapakata. Siku mbili walilala juu yangu kama vifaranga, nikasahau hata mgongo.

Meli ikasimama Karema, mbali na nchi kavu kama kawaida yake, mitumbwi ikaja kuchukua watu. Mwanangu akapiga makofi: "Tuna muda! Twendeni tukaone ngome ya kihistoria." Pale sikuwa nimekanyaga tangu nikiwa msichana. Tukapanda kilima. Lile boma bado lipo, kuta nene, lango la kuingilia ni lile lile. Watoto wakakimbia ndani na nje. Yule mdogo akasimama ukutani akakojoa, mama yake akataka kumfokea. Nikasema, "Kojoa, baba. Ukuta huu umeona makubwa."

Basi mwanangu akaweka mguu juu ya jiwe, akajishika kiuno. "Wanangu, hapa ndipo walipotawala babu zenu. Sisi ni ukoo wa mtemi. Wazungu walipofika walimkuta babu yetu, yeye ndiye akawapa ardhi." Mkewe anapiga picha, anatingisha kichwa kwa heshima. Mjukuu wangu wa kike akanigeukia: "Bibi, chumba chako kilikuwa kipi?"

Ningeweza kumwonyesha chumba chochote. Lakini nilimtazama, nikaona ana umri ule ule aliokuwa nao bibi yangu alipoingizwa kwenye lango lile.

Nikakaa chini, nikamweka mapajani. Nikamwambia bibi yangu aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, kafungwa kamba moja na watoto wenzake, mapadre waliokuwa wakikaa ndani ya boma hili wakamnunua kwa wafanyabiashara wa watu. Jina la mama yake alikuwa halijui. Kabila lake halijui. Alichokumbuka cha kwao ni mbuzi mwenye pembe moja. Akalelewa pale, akabeba mawe pale, na alipoolewa hakukuwa na mjomba wala shangazi wa kupokea mahari yake.

"Alinunuliwa dukani, Bibi?"

"Alinunuliwa kwa kitambaa, mama. Na alikuwa anasema kitambaa chenyewe hakikutosha hata kumfunika."

Mwanangu akacheka kicheko cha ofisini. "Mama, jua limekupiga."

"Jua hili hili lilimpiga bibi yangu akibeba mawe hapa," nikamjibu, "na amekufa na akili zake zote. Wewe umekaa kivulini ukapoteza zako."

Mkewe akashusha kamera. "Mama, lakini siku ya mahari nyie mlituambia ni ukoo wa mtemi."

"Alisema mume wako. Mimi nilikula kuku nikanyamaza." Hapo nimekosa, sikatai. Nilimwachia uongo ule nikidhani utaishia mezani na mifupa.

Kuanzia pale mpaka tunarudi Kigoma mwanangu hakuniambia hata shikamoo.

Sasa imekuja barua. Mwalimu kanisomea mara mbili. Anasema wakwe zake wamesikia na wanauliza. Anataka niende Dar mwezi wa kumi na mbili, niwaambie kwamba nilichanganyikiwa, uzee na jua. Nisipokwenda, watoto hawatakanyaga Mpanda, na mimi kwake nisikanyage. Mtemi huyo! Mtemi gani anamtetemekea mama mkwe wake?

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa kidogo kidogo mpaka ikawa kama kiberiti. Baba yake hakuiona, najua. Mjukuu wangu kachora lile boma, na langoni kasimama mtoto wa kike. Kamchorea kitambaa kirefu, kinamfunika mabega mpaka miguuni, na kinabaki cha kuburuta chini. Pembeni kuna mbuzi, pembe moja. Hiyo ndiyo barua pekee niliyoisoma mwenyewe maishani mwangu, bila mwalimu.

Nishaurini nyie mnaosoma ukurasa huu, nifanye nini? Mwanangu simwogopi, nilimfuta kamasi. Ila wale watoto wawili nawataka, nawataka mpaka usingizi umenikataa. Nikienda nikasema ni jua, nitawapata. Lakini huyu aliyechora atakuwa amekaa pale pale sebuleni, ananisikiliza.