Wa Nne Alikuwa Kwenye Bomba

Niliwaokota watatu kwenye rundo la kuni, nyuma ya banda letu la kukaushia tumbaku, hapa upande wa Kehancha. Watoto wa paka, hata macho hawajafungua. Walilia tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na mama yao sikumwona hata mkia.

"Waache hapo," mama mkwe akaniambia. "Mama yao atarudi."

"Atarudi lini, Mama, wakishakufa?"

Mimi nikishashika jambo langu sisikii la mtu. Niliwatia kwenye katoni ya sabuni, nikawafunika sweta kuukuu, nikawapeleka jikoni kwangu. Nikawadondoshea maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa, tone kwa tone, huku najisifu moyoni utadhani ni daktari.

Kesho yake baba watoto alienda mjini kutafuta kuni zaidi, akaniachia kazi ya kuwasha tanuri. Fito zilizofungwa tumbaku zilikuwa zimeshapandishwa bandani, majani yananing'inia mabichi hadi juu. Moto wa tumbaku huanza mdogo, jani lipate kugeuka manjano polepole, lakini ukishawashwa hauzimwi mpaka jani likauke. Moshi wake hupita kwenye mabomba ya mabati yaliyolala sakafuni, ukatokea nyuma kwenye dohani.

Niliwasha. Moshi haujapanda vizuri, nikasikia: nyau.

Nilikimbia jikoni. Wote watatu wamelala. Nikarudi. Nyau tena, sauti nyembamba, kutoka chini ya dohani, pale bomba linapotokeza ukutani na kuna tundu la kutolea masizi. Kifuniko chake kilipotea msimu uliopita, na kila siku tulisema tutatafuta kingine.

Woi! Nywele zilinisimama. Nilipiga mayowe mpaka mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi.

"Kuna paka ndani ya bomba! Nimwage maji?"

"Usimwage, mvuke utamchemsha! Vuta kuni nje!"

Nilizivuta kwa jembe, zikatapakaa uwanjani zikifuka. Jani la msimu mzima likabaki bandani bila moto, na wala sikulikumbuka.

Kisha likabaki tundu. Lilikuwa linatema moshi, na juzi tu tulikuwa tumeua nyoka kwenye lile rundo la kuni. Naogopa nyoka kuliko kitu chochote duniani. Nilisimama pale, na ile nyau ikakoma. Nikasema, Mungu wangu, amekufa, na mimi ndiye niliyewasha. Nikalala kifudifudi, nikafumba macho, nikaingiza mkono hadi begani. Bomba lilikuwa la moto lakini lashikika. Masizi. Masizi tena. Halafu kitu laini kikasogea kwenye vidole vyangu, nikakaribia kujikojolea. Nikakivuta.

Alitoka mweusi tii, kimya, kichwa kimelegea. Mama mkwe akaninyang'anya, akamsugua kwa leso yake, akampulizia puani.

"Wewe, pumua!" akamfokea.

Kipaka kikapiga chafya. Nikaanza kulia kama mtoto mdogo.

"Sasa huyu ametoka wapi?" nikauliza.

Mama mkwe alinyoosha kidole kwenye ua. Paka alikuwa amesimama pale, mbavu nje, chuchu zimevimba kwa maziwa, ametukodolea macho.

"Walikuwa wanne," akasema. "Watatu ulimchukulia. Akaona amfiche huyu mahali ambapo hutamwona."

Nilileta ile katoni, nikawaweka wote wanne chini ya ukuta, nikarudi nyuma hadi mlangoni kwa jiko, kiberiti bado kimo mfukoni. Niliogopa hatakuja. Niliogopa kwamba harufu ya mikono yangu imeshamfukuza. Niliogopa hata kukohoa.

Alikuja akiburuza tumbo chini. Akambeba yule wa masizi kwanza, akapenya naye chini ya ua hadi shambani. Akarudi kwa wa pili, kisha wa tatu, kisha wa mwisho. Kila aliporudi alipita katikati ya kuni zilizokuwa zingali zinafuka, bila kuzijali, halafu akasimama, akanitafuta kwanza mimi nilipo.